Faili ya Awiti

Kompyuta ya kanisa letu hapa Kayole ilibadilishiwa mfumo siku ya Jumamosi, na kufikia Jumapili baada ya ibada waumini walikuwa wamegawanyika kama siku ya kuchagua wazee wa kanisa. Nilikuwepo, na nitaeleza polepole kwa sababu sijui kueleza haraka.

Aliyeibadilisha ni Wavinya, binti wa jirani yangu, mwanamke wa watoto wawili anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini. Alituambia ule mfumo wa zamani umefika mwisho, wenyewe hawautunzi tena, na tukikaa nao wezi wa mtandaoni wataingia.

"Waibe nini?" Kezia, mama yake Shiro, alimuuliza. "Orodha ya zamu za kufagia?"

"Mama Shiro, wale huchukua chochote."

"Basi wachukue na fagio, wafagie."

Ofisi yenyewe ni chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Kuna meza moja, viti viwili, kabati ya chuma isiyofungika vizuri na dirisha linaloangalia kamba za nguo za flati ya jirani. Kompyuta nimeishonea kitambaa cheupe cha krosha chenye ua la njano katikati, kwa sababu vumbi la Spine Road haliheshimu kanisa. Jumapili hiyo kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni na watu wamejaa mlangoni kama wanaotazama mtoto mchanga.

Musyoka wa kwaya alifurahi kuliko wote. Alisema ile ya zamani ungeiwasha, uende kununua maziwa, urudi uipate bado inazungusha kile kiduara chake. Hii inawaka kabla hujavua koti. Aoko yeye alipenda picha. Kila ikiwashwa inaleta mahali pengine, mara milima yenye theluji, mara ziwa la buluu, na Aoko alikuwa akipita anachungulia na kuuliza, "Leo tumepelekwa wapi?" Kezia hakutaka kusikia. Pembeni mwa skrini palikuwa na habari zinazojileta zenyewe, na ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya mwanamuziki aliyeachana na mke wake.

"Kompyuta ya kanisa," alisema, "na inatuletea udaku. Nani ameiuliza?"

Mzee Zedekiah, katibu wetu, alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, ambacho Wavinya alikuwa amekikalia, akiwa ameshika kofia mkononi.

Nimweleze kidogo. Zedekiah alikuwa karani wa reli. Aliajiriwa kijana, akastaafu mzee, na hadi leo huvaa shati lenye mfuko wa kifuani na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Mimi na yeye tumejuana tangu tulipokuwa majirani Makongeni, kwa sababu marehemu mume wangu Muoki alikuwa reli pia, na nyumba zetu zilitazamana karo la kufulia likiwa katikati. Kompyuta alijifunza uzeeni. Hupiga kibodi kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama bado ni taipureta. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo Kezia alimchukulia rangi ya kucha ya Shiro akamwekea kitone chekundu kwenye fremu ya skrini, chini kushoto, pale penye kitufe cha kuanzia. Wavinya alipomaliza kazi yake, kitufe kilikuwa kimehamia katikati na kitone kimebaki peke yake.

Jumatatu Zedekiah aliketi, akapeleka mausi kwenye kitone, akabofya, akaegemea nyuma.

"Mama Mativo," akaniita, "nimeiambia ianze, imeniambia kutanyesha."

Pale penye kitone sasa palikuwa na hali ya hewa. Nilicheka hadi nikakaa. Naye akacheka. Hakuwa mtu wa kukasirikia mashine.

Kazi yake kubwa pale ofisini ni programu za mazishi. Mtu wetu akifariki, familia huja na picha na karatasi yenye majina, naye huandaa kile kijitabu cha siku ya mwisho. Nje huwa picha ya marehemu, ndani huwa ratiba, nyimbo, na habari za maisha yake: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, imani, ugonjwa. Mimi ndiye msomaji wake. Akishamaliza kupiga chapa, mimi husoma majina kwa sauti kutoka kwenye skrini, mmoja mmoja, naye huweka alama nyekundu kwenye karatasi ya familia. Mjukuu mmoja akisahaulika, ugomvi wake huzidi umri wa marehemu.

Sasa sikiliza namna alivyofanya kazi, maana ndipo jambo lilipotokea. Zedekiah hakuwahi kuanza ukurasa mtupu. Programu ya kwanza aliyowahi kuandika ni ya mke wake Awiti, miaka kumi na mmoja iliyopita, na alipoimaliza aliona imekaa sawa, mistari imepangika, picha imetulia. Kwa hiyo kila msiba ulipotokea alifungua faili ya Awiti, akaondoa jina la Awiti akaweka la mwingine, akaondoa picha, akabadilisha mwaka, kisha akaisevu kwa jina la marehemu mpya. Ya Awiti ilibaki vile vile. Wote tuliowazika Kayole tangu wakati huo wamepita katika faili ya Awiti. Na akimaliza kila programu, huifungua tena ile ya mkewe, huiangalia dakika moja hivi, huifunga, ndipo hufunika kompyuta na kitambaa. Sikuwahi kumuuliza.

Jumanne asubuhi alikuja Obonyo. Mama yake, Adoyo, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia, na msafara wa kwenda nyumbani Siaya ulikuwa uondoke Alhamisi jioni. Alileta picha nzuri ya mama yake akiwa na kitambaa cha kichwa cha zambarau, na majina yaliyojaa kurasa tatu.

Tulifanya kazi hadi saa nane. Zedekiah alihangaika kidogo kutafuta vitu vilivyohamishwa, lakini hakulalamika. Nilisoma majina, akaweka alama. Mwishoni alitafuta pale pa kusevu kwa jina jipya, asipaone. Juu palikuwa pameandikwa kwamba kila kitu kimehifadhiwa tayari.

"Imehifadhi yenyewe," alisema. "Siku hizi hata mashine zina adabu."

Printa ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali. Obonyo akaondoka na kijitabu cha mfano, akishukuru. Ndipo Zedekiah akaenda kumwangalia Awiti kama kawaida yake.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Mama Mativo, nisomee hapa juu. Macho yamechoka."

Nikainama. "Imeandikwa AWITI."

"Na picha?"

Picha ilikuwa ya Adoyo, na kitambaa chake cha zambarau. Nikashuka ukurasa hadi chini. Adoyo wa Siaya, watoto wa Adoyo, shemeji za Adoyo. Ule mfumo haukungoja kuulizwa. Kila alichofuta kufanya nafasi ya Adoyo, wenyewe uliendelea kuandika kwamba ndivyo alivyotaka.

"Nimemfuta," Zedekiah alisema.

"Si wewe, Katibu. Ni mashine."

"Mashine haina vidole."

Alisema hivyo bila ukali, akiviangalia vile vidole vyake viwili. Tangu siku ya mazishi ya Awiti sikuwa nimemwona na uso ule.

Nilimpigia Wavinya simu. Alikuwa Naivasha kwenye mafunzo ya ofisi yao hadi Alhamisi.

"Susu, msiguse kitu!" alisema; huniita susu, yaani bibi. "Msifute, msiandike, msifungue. Izimeni tu, muifunike. Labda kuna njia ya kuirudisha, lakini lazima nikae hapo mwenyewe, na siwezi kuahidi."

"Asemaje?" Zedekiah aliuliza.

"Anasema tungoje Alhamisi."

"Amesema itarudi?"

"Amesema labda."

Akachukua kofia yake.

"Lakini Katibu, si una nakala za karatasi?"

"Zilikuwa tatu, kwenye sanduku chini ya kitanda. Yale maji yaliyoingia nyumba za chini mwaka juzi, wewe si unakumbuka. Nilianika kila kitu kwenye kamba. Karatasi zilikuwa uji." Akasimama mlangoni. "Sikujali sana. Nilijua iko humu."

Jumatano ni siku yetu ya akina mama. Nilifika ukumbini mwa kanisa mapema nikawaambia wenzangu. Aoko, ambaye ni mdogo wake Awiti wa tumbo moja, alisema nakala yake iko kijijini, na mwenye ufunguo wa nyumba ameenda kwa bintiye. Kezia alikwenda kwake mbio akarudi na ganda la nje tu. Picha ya Awiti ilikuwepo, ameinua kidevu kama anayebishana na mpiga picha, lakini ndani hamkuwa na kitu. Wajukuu walikuwa wamechukua kurasa za ndani wakachezea shule.

"Angalau uso tunao," Kezia alisema.

Zedekiah alipoingia hatukumpa nafasi ya kukaa peke yake. Aoko alimvutia kiti.

"Shemeji, keti hapa. Wewe si ndiye uliyeiandika? Tuambie maneno, Mama Mativo aandike kwenye daftari. Hata mashine ikikataa kesho, tutakuwa nayo."

Nilikuwa na daftari la mistari la mjukuu wangu na kalamu. Nilisoma hadi darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu, na bado ninavuta mkia wa herufi kama nilivyofundishwa.

Zedekiah alikohoa. "Awiti alizaliwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na mbili." Akanyamaza. "Alizaliwa…" Akanyamaza tena. Tulingoja. Kuku wa jirani aliingia hadi katikati ya ukumbi, akatuangalia, akatoka.

"Siikumbuki," alisema. "Nimeifungua zaidi ya mara mia, na siikumbuki. Nilikuwa naangalia pale pa kubadilisha tu."

Nilimwona Aoko akigeuza uso.

"Basi tutasema sisi," Kezia alisema. "Kwani tulikuwa hatuko? Mama Mativo, andika. Awiti alikuwa akiuza samaki langoni Makongeni, na ukisema samaki wake ni mdogo anakuambia samaki ni mkubwa, mdomo wako ndio mpana."

"Hiyo haiandikwi kwenye programu," Zedekiah alisema.

"Andika!" Aoko alisema. "Na uandike vile alimnyang'anya askari wa kaunsili rungu lake."

"Alimnyang'anya lini?"

"Ah, shemeji, siku hiyo ulikuwa kazini. Alikaa nalo siku mbili analisongea ugali, kisha akamrudishia limeoshwa."

"Ule ugali nilikula?"

"Ukausifu!"

Tulicheka hadi wa flati ya jirani wakachungulia dirishani. Zedekiah alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na mimi nikawa naandika, naandika, nikijaza ukurasa. Walisema jinsi Awiti alivyokuwa akiimba kanisani sauti ya juu kuliko wimbo wenyewe. Walisema jinsi alivyokuwa akiziba mlango kwa miguu mgeni akitaka kuondoka bila kula. Aoko na Kezia walibishana kuhusu rangi ya gauni lake la Pasaka hadi nikaandika rangi zote mbili.

Ukurasa ulipojaa Zedekiah alinyoosha mkono. "Hebu nione."

Nikampa daftari. Aliliweka karibu na macho, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu. Sikufikiria kitu. Nilidhani anatafuta kosa. Kidole chake kilikuwa kinafuata ile mikia ya herufi zangu, mstari kwa mstari.

"Mama Mativo," alisema, "mwandiko huu ninaujua."

Miaka yote tuliyokaa ofisini pamoja ilikuwa ni skrini, mimi ninasoma na yeye anapiga chapa. Hakuwa amewahi kuniona nikiandika hata jina langu.

Lazima nieleze. Mwaka wa sabini na nane reli ilimhamishia Zedekiah Voi kwa miezi kumi na minane, na Awiti akabaki Makongeni na mtoto wao Frankline. Watu wa reli hawakupeleka barua posta. Ulimpa gadi wa treni, naye akaifikisha mkononi kwa mtu wako. Kila Ijumaa gadi alileta barua ya Zedekiah, na kila Ijumaa Awiti alivuka karo akaja kwangu akiwa ameificha chini ya kanga. Awiti hakujua kusoma. Wakati wa kuposwa wazee wake walisema amesoma, kwa sababu mchumba alikuwa karani na waliogopa atakataa. Basi mimi nilimsomea, na mimi nikamwandikia majibu, maneno yake, mkono wangu. Aliniapisha nisiseme. Nikaapa, nikakaa na kiapo hicho miaka arobaini na kitu, na yeye akafa nikiwa bado nacho.

Ningeweza kusema hapana, mwandiko hufanana. Lakini mtu alikuwa amepoteza faili ya mkewe jana tu, nami nimwongezee uongo juu yake?

"Zile barua ulizopata Voi," nilimwambia. "Maneno yalikuwa yake, Baba Frankline. Mwandiko ni wangu."

Zedekiah aliweka daftari magotini.

"Kwa nini?"

"Alikuwa hajui kusoma."

"Lakini Awiti alisoma. Alikuwa akisoma Biblia kanisani. Alisoma gazeti langu kabla yangu!"

"Baadaye. Nilimfundisha hapo karoni, tukifua. Nilikuwa naandika herufi kwa sabuni kwenye simenti, anazisoma, tunamwaga maji. Barua nne za mwisho aliandika mwenyewe."

"Zile nne," Zedekiah alisema. "Mwandiko ulibadilika, ukawa unapandapanda. Nilidhani ni mgonjwa. Niliomba ruhusa nije nyumbani, nikanyimwa, nikalia kwenye chumba cha parseli."

"Alikuwa mzima," nilisema. "Alikuwa na furaha tu."

"Na wewe ulijua?" alimgeukia Aoko.

"Shemeji, mimi ndiye niliyepelekwa shule. Yeye alibaki kutulea. Ningekosa kujua?"

"Angeniambia. Ningemfundisha mwenyewe."

"Ndiyo maana hakukuambia! Si baadaye ulipomfundisha Frankline hesabu kwa makelele, Makongeni nzima ikajua saba mara nane?"

Kezia ndiye aliyeanza kucheka, akajiziba mdomo. Zedekiah hakucheka. Aliomba daftari, akauliza kama anaweza kulala nalo, akaenda nalo nyumbani kwapani. Usingizi wangu siku hiyo haukuwa mzuri. Nilimwomba Awiti msamaha, kisha nikamwambia kwamba na yeye alinibebesha mzigo mrefu.

Alhamisi saa sita Wavinya alishuka kwenye gari la Naivasha akaja moja kwa moja, na begi lake la safari. Sisi wanne tulikuwa tumeshafika. Alitoa kitambaa, akawasha. Ilileta picha ya msitu.

"Leo tumepelekwa msituni," Aoko alisema, lakini polepole.

Wavinya alifungua faili, akabofya juu kwenye jina, ikatokea orodha ya saa na tarehe. Alieleza kwamba mfumo mpya huweka kumbukumbu ya kila hali ambayo faili imepitia. Alishuka hadi mwisho kabisa wa orodha, akabofya, na Adoyo akaondoka. Mahali pake akaja Awiti, kidevu juu.

Hakuna aliyepiga makofi. Zedekiah aliinama hadi pua ikakaribia skrini.

"Kwa hiyo ilikuwa nayo wakati huu wote," Kezia alisema, "ikanyamaza?"

"Ndiyo, Mama Shiro. Hujauliza, haisemi."

"Kama watu fulani," Kezia akasema, akatuangalia mimi na Aoko.

Wavinya aliitoa faili ya Adoyo akaiweka peke yake kwa jina lake, ili Obonyo aje achukue nakala za msafara. Kisha akamwonyesha Zedekiah namna mpya, kwamba kuanzia sasa kwanza anatoa nakala, ndipo anabadilisha. Zedekiah alimwambia arudie mara tatu, akaandika hatua zote kwa kalamu nyekundu. Alisema mfumo huu haupendi, lakini hatausema vibaya tena mbele za watu.

"Nisomee," aliniambia.

Nikasoma kwa sauti. Awiti alikuwa mke mwaminifu, mama mpole, mcha Mungu na mpenda watu. Alijaliwa subira na unyenyekevu. Ameacha pengo lisilozibika.

Aoko alikuwa anang'ata kanga. "Mpole?"

"Awiti? Mnyenyekevu?" Kezia alisema. "Katibu, hata Adoyo umemwandika hivyo hivyo, na Adoyo aliwahi kunirushia kiatu. Umetuzikia wapole watupu."

"Nilikuwa nalia nikiandika," Zedekiah alisema. "Maneno hayo niliyatoa kwenye programu ya bosi wangu wa zamani."

Nilidhani ameumia. Lakini aliniambia niendelee, na nilipofika kwenye elimu nikasoma: Alisoma katika shule ya msingi ya kijijini kwao.

"Hapo," alisema. "Simama hapo."

Alimwomba Wavinya atoe nakala, na Wavinya akatoa. Kisha akavuta kiti, akafuta mstari ule wote, akaanza kupiga kibodi kwa vidole vyake viwili. Alichukua muda. Nilisoma nyuma ya bega lake neno moja moja lilivyokuja: Alifundishwa kusoma akiwa na miaka ishirini na sita, kwenye karo la Makongeni, na jirani yake Mbinya.

Mbinya ni mimi. Nikakunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

Wengine walitoka kwenda kupika chai. Zedekiah alibaki ameshika mausi, hageuki.

"Mama Mativo. Krismasi ile ya Voi nilimwandikia barua ndefu. Ilikuwa na shairi."

"Naikumbuka. Beti tisa."

"Ulimsomea yote?"

"Yote. Kwa sauti, Muoki akiwa nje."

"Akasemaje?"

Nilikumbuka vizuri. Awiti alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, Frankline mgongoni, na nilipomaliza ubeti wa tisa aliomba nirudie wa nne. Nikarudia. Akafuta macho kwa kiganja.

"Alisema, mwambie nimesikia. Akija alete sukari, mashairi atanisomea mwenyewe nikimpikia chai."

Mabega ya Zedekiah yalianza kupanda na kushuka. Safari hii sauti ilitoka, kicheko cha mzee, kikavu, kisichoisha. Alichukua kitambaa changu cha krosha akajifutia machozi, ua la njano likalowa.

"Mimi nilipata jibu la mistari miwili tu, likisema ni wazima na nilete sukari."

"Aliniomba nirudie ubeti wa nne, akafuta machozi, lakini hilo aliona haya, akanikataza kuliandika."

"Sasa tunaliandika," alisema, akaweka vidole tayari. "Tuliweke chini ya kichwa gani? Imani?"

"Ndoa," nilimwambia, nikasogeza kiti changu karibu ili nimsomee.